Viatu vya Magongo ya Fundi Saa

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko. Baadaye ilipungua ikawa manyunyu, na kulipokucha barabara yote iling'aa kwa maji.

Fundi Saa alikunywa chai amesimama, ameegemea meza. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alitengeneza saa kwenye meza ndogo, ndani ya jengo la maduka. Tangu alipopata ajali ya gari, alitembelea magongo mawili. Siku ya jua alitembea bila wasiwasi. Siku ya mvua kila hatua ilikuwa na dua yake.

"Baba Kipimo, leo vaa vile vipya," mkewe alimwambia.

Alimaanisha viatu vya magongo. Ni vipande vya mpira vinavyovalishwa chini ya gongo ili lisiteleze. Vile vya zamani vilikuwa vimelika upande mmoja. Vipya vilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni. Binti yao alivikata mwenyewe kutoka kwenye tairi kuukuu.

"Navitunza," Fundi Saa alijibu. "Visichafuke."

"Kiatu kinachoogopa kuchafuka," mkewe alisema, "basi tukipigilie ukutani, wageni waje kukitazama."

Fundi Saa alicheka, akaondoka na vile vya zamani. Mlangoni mwa jengo la maduka palikuwa na vigae, na vigae vilikuwa na maji. Gongo la kulia liliteleza. Alidaka chuma cha ngazi, hakuanguka, lakini kiganja kilichubuka. Siku hiyo alifanya kazi amefunga mkono kitambaa. Alimshukuru Mungu kwamba ni kiganja tu.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameshavivaa vile viatu vipya. Kwenye udongo mkavu havikuwa na neno. Kwenye vigae vyenye maji viliteleza kuliko vya zamani, tena vilizunguka kwenye gongo. Basi alivivua, akavifuta, akavirudisha kwenye mfuko. Binti yake alipouliza, alimjibu kwamba ni safi sana. Aliona uso wake ulivyochangamka, akashindwa kuongeza neno.

Binti huyo alikuwa chuo kikuu, mwaka wa tatu, akisomea uhandisi. Nyumbani aliitwa Kipimo. Tangu utotoni alipima kila kitu kwa uzi: meza, mlango, hata mkia wa paka. Alijiunga na Kitengo cha Ujasiriamali cha chuo. Kazi ya kitengo hicho ni kuwasaidia wanafunzi wenye wazo la biashara.

Msaada wenyewe ulikuwa hivi. Jumamosi wanafunzi walikaa ukumbini wakasikiliza mhadhara. Baada ya hapo kila mmoja aliandika mpango mrefu wa biashara. Mwisho wa mwaka kulikuwa na maonyesho. Wanafunzi walivaa vizuri, wakapanga vitu vyao juu ya vitambaa vyeupe, wakazungumza mbele ya majaji. Majaji walitazama, wakauliza maswali mawili matatu, wakatoa vyeti. Ofisi ya kitengo ilifunguliwa wakati wanafunzi wako darasani. Walipotoka darasani, ilikuwa imefungwa. Karakana ya chuo haikuwahusu kabisa.

Mkuu wa kitengo alikuwa mtu mwema. Alifundisha hivyo kwa miaka mingi, naye mwenyewe alifundishwa hivyo. Hakuna aliyewahi kumwambia kuna njia nyingine.

Mwaka huo Kipimo alishika nafasi ya kwanza. Alirudi nyumbani na cheti, akakiweka mezani. Alieleza kwamba kitengo kitampa vifaa atengeneze viatu vingi, vigawiwe wagonjwa wa kliniki ya mazoezi ya viungo. Ni watu waliovunjika miguu, waliokatwa miguu, wazee wanaojifunza kutembea upya. Mwisho wa mwezi lazima viwe tayari.

Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Fundi Saa alisema hongera, mwanangu. Baadaye alikaa peke yake kitandani, akafumba macho. Aliwawazia wagonjwa wale kwenye sakafu ya kliniki ikiwa imetoka kupigwa deki. Alimwomba Mungu ampe kinywa. Lakini alipotoka sebuleni na kumkuta binti yake akicheka, kinywa kilifungika tena.

Wiki hiyo hiyo kitengo kilipata mratibu mpya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu. Zamani aliwahi kufungua duka la mikoba. Marafiki zake wote waliisifu ile mikoba. Hakuna hata mmoja aliyeibeba, na duka likafa. Tangu hapo, kila alipomwona mtu ana kitu kipya mkononi, aliuliza swali moja.

"Nani amekitumia?" alimwuliza Kipimo.

"Baba yangu. Anasema ni safi sana."

"Vizuri. Nataka nionane naye."

Mkuu wa kitengo hakuona haja ya safari hiyo. Majaji walishaamua, na kliniki walishaambiwa. Mratibu alimjibu kwa heshima kwamba hatachelewesha kitu; anakwenda tu kusalimia.

Jumamosi mchana alifika nyumbani kwa Fundi Saa. Walimkaribisha, wakamtengea kiti chenye mto. Kipimo alikuwa na haraka.

"Baba, mwambie mwalimu kama ni vizuri."

Mratibu aliinua mkono taratibu. "Usimwulize hivyo, mdogo wangu. Ukimwuliza baba yako kama kazi yako ni nzuri, unataka akujibu nini?" Kisha akamgeukia Fundi Saa. "Mzee wangu, mara ya mwisho ulipovivaa ulikwenda wapi?"

Fundi Saa alitazama magongo yake. Yalikuwa yameegemea ukuta, na chini yake ile mipira ya zamani iliyolika.

"Mara ya mwisho?" alisema. "Siku nyingi kidogo."

"Ulikwenda wapi?"

"Kazini. Kulikuwa na mvua."

"Ulipofika huko ikawaje?"

Mama aliacha kumimina chai. Fundi Saa alijifuta uso kwa kiganja kile chenye kovu.

"Vilizunguka," alisema. "Vilizunguka kwenye gongo, na chini vikateleza. Nusura nianguke. Na siku nyingine kabla ya hiyo ilikuwa vilevile."

Kipimo alisimama. "Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, mwanangu."

"Nimepewa cheti, baba. Wagonjwa wanavisubiri."

"Ndiyo maana silali."

Mama aliweka birika chini. "Huyu nimekaa naye maisha yangu yote," alimwambia Mratibu. "Ukimtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari, atakwambia ina ladha yake. Lakini safari hii, Baba Kipimo, ungetuangushia watu."

Kipimo alitoka nje. Walidhani amekwenda kulia, na kweli alilia kidogo. Aliporudi alikuwa amebeba jagi la maji. Alimwaga maji kwenye sakafu ya saruji pale mlangoni, akashusha ule mfuko kabatini, akavalisha magongo viatu vipya.

"Nionyeshe," alimwambia baba yake. "Polepole. Mama, mshike."

Mama alimshika mumewe kiunoni, akamwambia asizoee, ni kwa ajili ya elimu tu. Fundi Saa alipiga hatua moja. Kipimo alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, jicho lake karibu kabisa na gongo. Kiatu kilizunguka. Aliomba hatua nyingine. Kiliteleza kama sabuni.

Alivivua, akavigeuza juu chini. Chini palikuwa laini kabisa, maji hayakuwa na pa kutokea. Ndani tundu lilikuwa pana, gongo halikubanwa na chochote. Aliyaona yote mawili palepale. Mwaka mzima vilikaa juu ya kitambaa cheupe na juu ya kabati, na huko hakuna maji.

Mratibu alikunywa chai yake, ndipo akaeleza. Alisema kosa si la Kipimo peke yake, wala la baba yake. Chuo kilimfundisha kutengeneza kitu cha kuwapendeza majaji. Majaji hawatembelei magongo. Kitu kipya kinatakiwa kitengenezwe kidogo kwanza, kwa gharama ndogo, kisha apewe mtu anayekihitaji akitumie katika shughuli zake za kila siku. Baada ya hapo aulizwe alichofanya nacho, asiulizwe anakionaje. Watu ni wapole, hasa kwa watoto wao. Upole wao utaficha kasoro mpaka siku kasoro ijitokeze yenyewe.

"Sasa nifanye nini?" Kipimo aliuliza. "Mkuu ameshaagiza mipira."

"Hilo ukamwambie wewe. Mimi nitakaa pembeni yako."

Jumatatu walikwenda. Kipimo alieleza yote. Aliomba asipewe vifaa vile kwanza. Mkuu wa kitengo alivua miwani.

"Mshindi anakataa zawadi yake?"

"Sikatai, mwalimu. Naomba nisiwaangushe watu."

Mkuu aliuliza kama ni kweli baba mtu nusura aanguke. Mratibu akasema ni kweli. Mkuu alinyanyua simu mbele yao, akawapigia kliniki, akawaambia viatu havijawa tayari. Haikuwa rahisi kwake. Alilazimika kurudia kusema samahani. Alipokata simu alimwuliza Mratibu kitu gani kinahitajika.

Mratibu alikuwa ameshakifikiria. Aliomba ofisi ifunguliwe jioni, wanafunzi wanapotoka darasani. Aliomba funguo za karakana, pamoja na fundi wa kuwasimamia. Aliomba pia walimu wa masomo mengine wasaidie, kila mmoja kwa ujuzi wake. Mwalimu wa uhandisi alikubali kazi ya Kipimo ihesabiwe kuwa mradi wake wa mwisho wa masomo. Hilo lilimpa Mama nafuu kubwa, kwa sababu aliogopa biashara itamwachisha mtoto wake masomo.

Katika maabara walitengeneza ubao wa kuinamisha. Waliumwagia maji, wakaweka gongo lenye mzigo juu yake, wakapima kiatu kinaanza kuteleza ubao ukiinama kiasi gani. Kipimo alijaribu mpira laini zaidi. Alikata mifereji chini ili maji yapate njia. Kwa juu alifunga bangili ya chuma ya kukaza, kama ile inayobana bomba la maji.

Kisha aliwaomba watumiaji watatu tu. Mmoja alikuwa baba yake. Wengine wawili walikuwa wagonjwa wa kliniki, mwalimu mstaafu na kijana mwuza matunda, na waliambiwa wazi kwamba viatu viko kwenye majaribio. Kwanza walitembea navyo ndani ya kliniki, mtaalamu wa mazoezi akiwa kando yao. Wote walielezwa kwamba wakisifu hawamsaidii mtu.

Mwalimu mstaafu alilalamika kwamba bangili inachana suruali. Kijana alirudisha kimoja kimepasuka. Fundi Saa naye mwanzoni alianza kusema viko vizuri tu. Kipimo akamkatiza, akamwuliza jana alipita wapi. Hapo ndipo aliposema kwamba kwenye mteremko wa kliniki kiatu cha kushoto kinavuta gongo pembeni. Kipimo aliandika, akarudi karakana. Bangili aliifunika kwa mpira. Mpira uliopasuka aliubadilisha kwa mwingine mzito.

Alihangaika muhula mzima. Mara nyingine alichoka akasema aache. Mama alimwombea kila asubuhi, na kila asubuhi alimwambia aamke, Mungu hamalizii watu kazi wakiwa wamelala.

Masika yalirudi, kliniki ikachukua viatu vya kwanza, vichache vichache. Hakuna aliyeanguka kwa sababu ya viatu hivyo. Fundi Saa alikwenda kazini kila siku, mvua na jua. Wanafunzi wengine nao walianza kubadilika. Aliyetengeneza sabuni aliwapa wafuaji, badala ya kuifungia kwenye karatasi ya kung'aa. Aliyetengeneza taa ya kusomea aliipeleka nyumba zisizo na umeme, akagundua kwamba swichi yake haionekani gizani.

Muhula mpya ulipoanza, Mkuu wa kitengo aliita mkutano. Walikuja wanafunzi, walimu na wazazi. Alisema maonyesho yataendelea, lakini hakuna kitu kitakachopanda mezani kabla hakijatumiwa na watu wanaokihitaji. Kwa hiyo kitengo kinatafuta watumiaji wa kwanza, watu wa kawaida watakaovijaribu vitu vya wanafunzi na kusema ukweli. Aliuliza nani yuko tayari.

Watu walitazamana. Kisha Fundi Saa aliinuka kutoka safu ya nyuma, akaja mbele kwa magongo yake. Mama alimfuata kwa macho. Kipimo aliinamisha kichwa, hakujua baba yake atasema nini.

"Mimi kazi yangu ni saa," alisema. "Mtu akiniletea saa inayochelewa, nikamwambia iko sawa kwa sababu nampenda, nimemwibia. Mwaka jana nilimfanyia mwanangu hivyo. Nilimpenda vibaya."

Aliegemea gongo la kushoto, akainua mkono wa kulia.

"Basi naahidi, mbele ya mke wangu, mbele ya mwanangu na walimu wake, na Mungu anasikia. Chochote mtakachonipa nitakitumia. Kikinisumbua nitawaambia siku hiyo hiyo, hata kama ni cha mtoto wangu wa kumzaa."

"Sisi ndio mashahidi," Mama alisema kutoka alipokaa, na ukumbi mzima ukaitikia.