Ubao Alioambiwa Auzike

Mbavu za gitaa hupindwa juu ya bomba la moto, na ubao sharti uloweshwe kwanza, usije ukapasuka. Ubao wa Gervas ulijilowesha wenyewe. Asubuhi ile aliukuta benchini unatiririka, na paa la karakana halivuji, na ndoo imekauka. Mtu mwenye akili angejiuliza. Gervas alifurahi kwamba kazi imepungua.

Mama yake, Eufrazia, alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Akamwona anavyotabasamu, akasonya. Mwanawe alikuwa fundi vitanda kama mafundi wengi wa Keko, na vitanda vyake havikuwa vibaya. Tangu Benjamin, mpiga muziki wa mahotelini, amwagize gitaa la Kihispania la flamenko, lile jepesi linalopigwa kwa kucha na kugongwagongwa kifuani kwa vidole, Gervas hakuwa fundi tena. Alikuwa msanii. Wapo watu Mungu akiwapa randa wanadhani amewapa na mabawa.

Siku aliyogundisha mgongo wa gitaa, mchana kweupe, mashine zikinguruma barabara nzima, alihisi anamwagiwa maji mkono wa kulia. Kisha mdomoni, puani, usoni. Kisha ubavu wa kulia kutoka shingoni hadi unyayoni, kisha wa kushoto. Aliingia ndani amelowa chepechepe, akamwambia mama yake ni jasho. Eufrazia akalianika lile shati. Lilipokauka halikuwa na hata alama ya chumvi.

Siku ya pili umeme ulikatika na mashine zote zikanyamaza. Gervas akagonga kifua cha gitaa kusikiliza sauti. Ndani yake mlijibu matone, moja, la pili, la tatu, halafu mtu akahema kama anayeinua kitu kizito, na Eufrazia, aliyekuwa amesimama na kikombe cha chai, akaona maji yanashuka mwilini mwa mwanawe pasipo mmwagaji, na shati linabonyea tumboni, taratibu, kwa upole wa kutisha, kama kiganja kinamkamua mtu asiyeweza tena kujikamua mwenyewe, na Gervas mdomo wazi, macho juu, amelegea kwa kutii.

Eufrazia aliweka kikombe chini, akaenda nyumba ya tatu kwa Bi Najat, mwosha maiti wa mtaa. Bi Najat alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha sauti.

"Anaanzia kulia?"

"Kulia."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi josho la tatu hutiwa karafuu maiti, Mama Gervas. La tatu ndilo la kufungia. Baada ya hapo mtu havai, anavikwa sanda." Akajifunga ushungi. "Mwanao kachukua nini chetu sisi waosha maiti?"

Karakanani Gervas alibanwa, akasema. Mzee Jaffar wa kamati ya msikiti alimletea ubao wa zamani wa kuoshea maiti uwe kipimo cha kutengenezea mpya. Akamwagiza: ukimaliza, chimba shimo, uzike. Lakini ulikuwa mkangazi wa miaka arobaini, mkavu hadi moyoni, unalia kama kengele ukiugusa. Fundi wa Keko kuzika ubao kama huo ni sawa na mpishi kumwaga samli. Akaupasua, akauranda, akaufanya mbavu na mgongo.

"Jini amekaa chini ya ubao ule miaka yote hiyo akinywa maji yanayodondoka," alisema Bi Najat. "Kazi ameshaijua. Sasa ubao upo, maiti hakuna."

Dawa ilikuwa moja tu, kuvunja na kuzika, kila kipande. Gervas akalikumbatia gitaa. Alidai zimebaki nyuzi tu, Benjamin anakuja Jumamosi, na hatapata tena maishani ubao wa sauti ile.

"Na mie sitapata tena mwana," alisema Eufrazia, "ingawa hasara yenyewe si kubwa."

Hapo karafuu maiti ikanuka, ghafla, kali, ikajaa karakana nzima hadi machozi yakawatoka, na mkono wa kulia wa msanii ukaanza kudondosha maji. Eufrazia akaokota nyundo. Alilipiga gitaa mikononi mwa mwanawe huku maji yakishuka, akalipiga yakifika ubavuni, akalipiga akisikia mtu anagumia kwa hasira ndani ya tundu, mpaka mgongo ukaachana na mbavu na harufu ikakatika. Maji yalikuwa yamefika goti la kushoto.

Walivizika vipande nyuma ya msikiti, Bi Najat akisoma Ayatul Kursi, na Gervas akiokota vibanzi kwa magoti kama kuku.

Jioni Gervas alikuwa anazungusha tonge tu.

"Mama. Lile vumbi la msumeno, la ule ubao."

"Lina nini?"

"Nililichanganya na gundi. Si tunazibiaga nyufa." Akainamisha kichwa. "Juzi niliziba ule ufa wa kitandani kwako."

Eufrazia alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokizaa mwenyewe na hawezi kukirudisha. Akanawa mkono, akaingia chumbani. Yeye kulala sakafuni kwa ajili ya jini la kunywa maji machafu? Akaugonga ubao wa kichwani kwa kifundo cha kidole.

"Sikiliza, wewe. Mie si Gervas. Ukitaka kuniosha, anza na miguu, leo nimekanyaga matope na bomba halitoi."

Akajifunika, akalala.

Alfajiri aliketi kitandani akaitazama miguu yake. Visigino vilikuwa vyeupe, nyufa zote zimesuguliwa, na chini ya kila ukucha pamepitishwa kijiti. Akamwita mwanawe alete nyundo. Alimwita kwa jina lake tu, taratibu, bila tusi hata moja, na Gervas, aliposikia hatukanwi, ndipo alipoogopa kweli.