Sigara Ambayo Mama Doreen Hakuivuta

Ndugu zangu wa Masoko, nanyi wa Kyimo na Tukuyu mjini mtakaosikia, habari hii inanitia kichefuchefu kila ninapoisimulia, lakini nitaisimulia. Anayetaka kuziba masikio azibe.

Nyumba ya Ambindwile ilikuwa nyumba ya amani. Migomba ilistawi, kahawa iliiva vizuri, na mkewe Esnath, tuliyemwita Mama Doreen, alipika mbalaga, ndizi zetu za kupikwa, ambayo ukionja unasahau kwamba ulikuja kuomba chumvi tu. Mimi jirani yake ninajua, chumvi nimeomba sana. Mwaka ule Doreen, binti yao wa kwanza, alichumbiwa na Lwitiko, kijana wa Kyimo. Wazee walikwisha kukutana, ng'ombe wa mahari walikwisha kukubaliwa, ilibaki kuwaleta. Jioni moja tulikuwa barazani tunamenya ndizi na kubishana kuhusu rangi ya sare za harusi, ndipo Mama Doreen alipokohoa na kutema damu juu ya maganda.

Akapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Akapelekwa hospitali ya rufaa Mbeya, wakachukua kinyama kidogo kwenye pafu lake, na jibu likaja kuwa ni saratani ya mapafu, tena imekwisha kuenea. Mama huyu hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Moshi alioujua ni wa kuni zake.

Daktari, mama mmoja mpole aitwaye Tulia, aliwaita ndani: mgonjwa, mumewe, na Meshaki, kaka mkubwa wa Ambindwile, ambaye ni mzee wa kanisa na msemaji wa ukoo. Nami niliingia, maana ndimi niliyekuwa nimemshika mgonjwa mkono.

"Kile kinyama tulichochukua, tunataka kukipeleka kikapimwe vinasaba," daktari alisema. "Kwa wagonjwa ambao saratani ya mapafu imeenea, kukuta mabadiliko ya vinasaba ndani ya uvimbe si jambo la ajabu. Tunayakuta kwa wengi, na zaidi kwa watu wasiovuta sigara kama mama. Baadhi ya mabadiliko hayo yana vidonge vyake. Haviondoi ugonjwa kabisa, lakini vinaweza kuurudisha nyuma, mtu akapata muda mzuri wa kuishi."

"Vinasaba ndiyo hiyo DNA?" Meshaki akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Basi huo ni ugonjwa wa damu. Wa ukoo."

"Hapana, baba. Badiliko hili kwa kawaida hutokea ndani ya uvimbe wenyewe, mtu akiwa tayari mtu mzima. Hakuzaliwa nalo, na watoto hawalirithi."

Alieleza vizuri hata mimi wa darasa la saba nikaelewa. Lakini Meshaki alikuwa amekwisha kusikia alichokisikia. Akasema tungerudi nyumbani kwanza kushauriana. Daktari akamgeukia mgonjwa: "Mama, mwili ni wako. Wewe unasemaje?" Esnath akamtazama mumewe, mumewe akamtazama kaka yake, tukaondoka bila jibu.

Sasa sikilizeni walivyoshauriana.

"Mnajua watu wanavyouliza habari za ukoo kabla ya kuoa," Meshaki alisema, amekaa sebuleni na kikombe cha chai ya mgonjwa mkononi. "Wakisikia Doreen katoka kwenye vinasaba vibovu, ng'ombe hawaji. Na mimi nina mabinti nyumbani. Nani atawaoa? Kipimo hicho hakifanywi."

"Daktari kasema haurithiwi," nikamwambia.

"Daktari haozeshi mabinti, mama. Tunaoozesha ni sisi."

Ambindwile akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini kaka, watu wakiuliza anaumwa nini?"

"Kila mtu anajua mapafu yanaharibiwa na sigara. Tuseme alikuwa anavuta kwa siri. Dhambi ya mtu mmoja ni ya kwake, haichafui ukoo."

Jamani! Mtu mzima, mzee wa kanisa, anasema hayo na mgonjwa yuko chumba cha pili anasikia kila neno. Nilimtazama Ambindwile nikingoja amkemee. Alikuwa anachokonoa kucha zake. Mume wa miaka yote hiyo, aliyefuliwa nguo na kuzaliwa watoto, anachokonoa kucha! Nilitoka nje nikatema mate.

Haikutosha kumsingizia. Meshaki akataka akiri mwenyewe, ili maneno ya damu yasije yakachipuka. Akamwambia, "Shemeji, ukitubu mbele ya akina mama, mwanao ataolewa kwa heshima, na Kyala, Mungu wetu, atakuponya." Alhamisi, kwenye ibada ya akina mama, Esnath akasimama huku ameshikilia benchi.

"Ndugu zangu," akasema, "nimekuwa nikivuta sigara. Mnisamehe."

Nikasimama nikasema ni uongo. Meshaki, aliyekuja kama mzee wa kanisa, akaniambia nisimzuie mwenye dhambi kutubu. Na wale wanawake, ambao wamekula mbalaga ya Mama Doreen kwenye kila msiba na kila ubatizo, wakaguna. Mmoja akavuta kitenge chake kisimguse. Tangu siku hiyo hakuna aliyemletea hata uji. Ukimya wao ulinichukiza kuliko domo la Meshaki.

Nikamfuata kwake. "Kwa nini, jirani?"

"Doreen aolewe. Mimi nimekwisha."

"Hujaisha! Kuna kipimo, huenda kuna vidonge."

"Ndaga, asante, jirani. Niache nipumzike."

Doreen alikuwa akifanya kazi ya kushona mbali na nyumbani, Msasani, na wakubwa walikuwa wamemwambia mama yake ana pumu. Masika yote akawa anatuma dawa za pumu! Nilipopata habari kwamba hajui kitu, nikapanda basi nikamfuata dukani kwake nikamweleza yote. Hakulia. Alifunga duka, akaja, akamwinua mama yake kitandani huku baba yake anasema, "Tumngoje baba mkubwa." Kesho yake tulikuwa Mbeya.

Daktari Tulia alimpokea Esnath na uso wake ukabadilika, maana mgonjwa alikuwa amekwisha kabisa. Kile kinyama kilikuwa bado kimehifadhiwa. Safari hii alipoulizwa, Esnath alijibu mwenyewe: "Kipimeni." Kikapelekwa. Lakini miezi ilikwisha kupotea, na Mama Doreen akafariki kabla majibu hayajarudi.

Msibani watu walijaa. Wakwe watarajiwa wakaja kutoka Kyimo, na mama yake Lwitiko, Mama Debora, akakaa mbele. Meshaki akasimama kutoa neno la ukoo. Akaanza na Mungu, akaja kwa marehemu, na mbele ya jeneza akasema, "Dada yetu alikuwa na udhaifu wa sigara, lakini alitubu."

Doreen akasimama. "Baba mkubwa, mama yangu hakuwahi kuvuta. Daktari amenipigia jana. Badiliko limeonekana kwenye uvimbe wake, lile lenye vidonge. Mlimkataza kupimwa mkasema ni damu ya ukoo. Wakwe zangu wapo hapa. Kama wanaondoka, waondoke wakiwa wameujua ukweli."

Meshaki akasema, "Mwanangu, nilikuwa nalinda ukoo."

Hapo Mama Debora akainuka taratibu. "Baba, sisi kweli tulitaka kurudi nyuma," akasema. "Lakini ni kwa ajili ya hiyo sigara yenu. Tulisema, mama aliyeficha hivyo miaka yote, binti yake je? Ugonjwa unampata yeyote. Mdogo wangu anao huohuo. Walimpima uvimbe, wakakuta badiliko, leo anameza kidonge na anajipikia mwenyewe. Mngeniambia, mama huyu ningempeleka mimi."

Ambindwile aliangua kilio cha kutisha. Sikumwonea huruma. Doreen alimwambia baba yake mkubwa maneno machache tu: "Ng'ombe wangu wakija, usishike kamba kuwapokea."

Funzo

Saratani ya mapafu haiulizi kwanza kama ulivuta sigara. Sigara ni mbaya, tuiache, lakini usimwone mgonjwa wa mapafu ukamtungia dhambi. Daktari akikuambia kuna badiliko la vinasaba kwenye uvimbe, usikimbilie kuhesabu mababu. Ni jambo linalokutwa kwa wagonjwa wengi, na kulijua mapema kunaweza kufungua mlango wa dawa. Usipoelewa, uliza tena mpaka uelewe. Na jibu la kupimwa au kutopimwa analo mgonjwa, halitoki kwa shemeji wala kwa mzee wa kanisa.

Nanyi mnaolinda majina ya koo kwa kuwatoa wagonjwa wenu sadaka, mnanuka.

Vidonge vingempa Mama Doreen muda gani, sijui, na daktari naye hakutaka kubashiri. Ninachojua ni kwamba muda huo, mrefu au mfupi, ulikuwa wake, na watu wengine walikaa sebuleni wakaugawa wakinywa chai yake.