Koti Lililobaki kwa Nesi

"Kohoa, ukimaliza unijibu. Koti liko wapi?"

Fundi pikipiki alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani, macho mekundu. Alikuwa amekohoa usiku kucha. Mkewe, fundi cherehani, hakupata hata lepe la usingizi: alimchemshia maji, akamsugua mgongo, akamwongezea mto. Kulipopambazuka huruma ikaisha, maswali yakabaki.

"Nimekwambia nimelisahau gereji."

"Gereji nilipita jana jioni. Msumari unapolitundika ulikuwa mtupu."

"Basi, nilimwazima mteja."

"Mteja gani?"

"Yule nesi."

Mke akacheka kicheko cha mtu asiyeona cha kuchekesha. Koti lile alilishona mwenyewe na kulitia bitana mara mbili, kwa sababu mumewe alikuwa na utaratibu wake: pikipiki haimtoki mkononi mpaka ipande mlima na watu wawili. Kwenye tambarare, husema, hata pikipiki mbovu inajifanya nzima. Na upepo wa kule juu unakata mbavu.

"Kwa hiyo ulimpandisha mlima."

"Ndiyo kazi. Mwenye pikipiki anakaa nyuma, asikie mwenyewe."

"Akaona baridi."

"Akaona baridi."

"Ukavua koti langu ukamvika. Leo unakohoa kama debe la misumari, na wa kukusugua mgongo ni mimi, si yeye."

"Mama watoto, hakuna kitu pale."

Simu ikalia mlio mmoja mezani. Mume akanyoosha mkono, mke akamwahi. Akasoma kwa sauti:

"'Fundi wangu, umeamkaje? Jana siisahau. Koti lako linanukia kama wewe, silirudishi bure.'"

Chini yake kulikuwa na picha. Pikipiki imeegeshwa kileleni, nesi kaketi juu ya jiwe ndani ya koti, na ziwa limetandaa huko chini kama shuka iliyopigwa pasi.

"Na hiki nacho si kitu?"

"Anaandika yeye. Mimi sijamjibu."

"Sijui kufungua hata nati, lakini nimeishi na fundi. Kujaribu mlima unapanda, unashuka. Injini mliizimia nini?"

"Injini ikiwa ya moto inaweza kugoma kuwaka. Lazima uizime uone."

"Unaizima, unaiwasha. Haihitaji jiwe la kukalia, wala mpiga picha."

Mume akakohoa kikohozi kirefu kweli kweli.

"Hicho cha uongo," mke akasema. "Vya kweli nimevisikiliza usiku kucha, navijua."

Mume akainama. Akatazama vidole vya miguu yake.

"Tulikaa kidogo. Alinisifu. Eti hajaona fundi anayeisikiliza injini kama mimi. Nikanogewa, nikakaa. Mwisho wake ni hapo, naapa kwa wanangu."

"Waache wanangu walale."

"Na wewe nimekuomba twende mara ngapi? Kila siku una nguo za watu."

Hilo lilimchoma mke, maana lilikuwa kweli. Akaangalia cherehani yake pembeni na rundo la sare za shule juu yake. Angeweza kufunga mzigo aende kwa dada yake, lakini kitanda cha huko alikijua, na mume angemwachia nani? Nesi huyu? Simu ya mume ilikuwa bado mkononi mwake; akampigia nesi.

"Fundi wangu," sauti ikaitika kwa madeko.

"Fundi wako ana mwenyewe. Ndiye mimi niliyeshona hilo koti. Upo nyumbani?"

Madeko yakaisha.

"Nipo, dada. Najiandaa kwenda kazini."

"Nisubiri getini."

Akajifunga kitambaa kichwani, akamtupia mume sweta na funguo.

"Na sare za watu?" mume akauliza.

"Watu watavumilia. Washa pikipiki."

Uani mama mkwe alikuwa anafagia.

"Mama, watoto watakunywa chai na wewe."

"Nendeni. Na huyo mumpitishie dawa, hata mimi sijalala."

Nyumba ya nesi ilikuwa ng'ambo ya mlima. Walimkuta getini, koti amelikunja vizuri mikononi, macho chini.

"Dada, samahani. Ulikuwa utani tu."

"Utani nimeusoma. Pikipiki yako imepona, na iendelee kupona. Ikiugua tena, mlimani nitapanda mimi. Wewe utakaa kwenye benchi la gereji."

Akalikung'uta koti, akamvika mumewe pale pale mbele ya nesi, akamfunga zipu mpaka kidevuni. Kisha akapanda nyuma na kumshika kiuno kwa mikono miwili.

Wakirudi, barabara ikawapandisha kona kwa kona, mashamba yakabaki chini, ukungu ukijiondokea taratibu juu ya maji. Walipofika kileleni mke akampiga bega.

"Zima injini."

"Ya nini?"

"Ya moto inaweza kugoma kuwaka. Si lazima tuone?"

Akazima. Mke akaenda moja kwa moja kwenye lile jiwe, akalipangusa kwa kiganja kama anayefuta kiti alichokalia mgeni, akaketi. Ziwa lilikuwa zuri kuliko kwenye picha, jambo lililomuudhi kidogo.

"Haya," akasema. "Nisifu."

Mume akafungua mdomo, akashikwa na kikohozi. Kilikuwa cha kweli. Mke akamsugua mgongo, akasubiri kiishe. Hakuwa na haraka.