Safu ya Mlangoni

"Ungeniachia ufunguo kama mara ile, haya yote yasingekufa."

Ticha alisema hivyo akiwa mlangoni mwa banda la mimea, mkononi kashika chakula cha mchana alichomletea mchumba wake, na alisema kwa upole kama mtu anayetoa pole. Mchumba mwenyewe alikuwa amechuchumaa mbele ya viriba vya udongo, anatazama maharage mekundu yaliyokauka mpaka majani yanavunjika ukiyagusa. Chuo kizima, ambacho hakikuwa kikubwa, kilimwita Binti Maharage, kwa sababu tangu mwaka wa mwisho uanze hakuwa na habari nyingine. Aliinua kichwa taratibu.

"Kama mara ipi?"

"Ile uliyokwenda kumuuguza mama. Si nilikuwa nakuja kila siku kumwagilia?"

"Upande wa kushoto."

"Kushoto, halafu maji yakibaki namalizia haya ya mlangoni. Yalikuwa yamenyauka, yanatia huruma."

Binti Maharage alisimama, akashika ukingo wa meza.

Utafiti wake haukuwa mgumu kueleza. Aina tano za maharage, kila aina imepandwa pande mbili. Ya kushoto yanapewa maji kila siku. Ya kulia, yakishatoa maua, yanakatiwa maji kabisa, ili ionekane ni aina ipi inayovumilia ukame. Ya kulia kazi yake ni kuteseka. Aliporudi kutoka kwa mama yake alikuta aina nne za kulia zimekufa, na safu moja tu, maharage mekundu ya mlangoni, imesimama kijani kibichi. Alilia kwa furaha siku hiyo. Msimamizi wake, Dokta, mwanamke asiyemsifu mtu hata kwa bahati mbaya, alimsifu mbele ya idara nzima, kisha akawapigia simu watu wa kampuni ya mbegu, nao wakaahidi kuja kusikiliza baada ya miezi miwili, siku ya Alhamisi. Akamwambia aoteshe mekundu mengine na kuyakatia maji, wageni wajionee kwa macho yao.

Ndiyo hayo sasa, makavu, na Alhamisi yenyewe ni keshokutwa. Na yeye tangu asubuhi alikuwa anajilaumu kwamba amekosea udongo, kumbe muujiza wote ulikuwa Ticha na ndoo yake.

"Nilikwambia usiguse upande wa kulia."

"Ulisema?"

"Nilisema hapa hapa, wewe umesimama hapo hapo. Mwaka mzima nakueleza huu utafiti. Tukila nakueleza, tukitembea nakueleza. Ulikuwa unasikiliza nini?"

Ticha alitabasamu kidogo, maskini, akidhani amepata neno la kuzima moto.

"Nilikuwa nakuangalia ukizungumza."

Wapo wanawake ambao neno hilo lingewalainisha. Huyu lilimchoma. Mtu anasomea ualimu, kesho atawagombeza watoto wa watu kwa kutosikiliza darasani, na mwenyewe mwaka mzima ametikisa kichwa bila kusikia hata moja. Kisha likamjia jambo lingine, baya kuliko hilo.

"Siku Dokta aliponisifu ulikuwepo ukumbini. Alieleza kila kitu, na michoro juu."

Ticha alikitazama chakula alichoshika.

"Ulielewa siku ile?"

"Nilielewa."

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga makofi."

"Ulisimama, Ticha. Ulipiga makofi umesimama."

"Ulikuwa na furaha. Sijawahi kukuona vile. Nikasema nitakwambia kesho, na kesho yake nikasema kesho."

"Na wiki ile ile ukaniomba niwe mke wako." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Ticha. "Uziwi ningekusamehe, hata baba yangu alikuwa nao. Lakini umenivika kilemba cha ukoka, halafu ukakaa pembeni unaniangalia ninavyojishaua nacho. Toka."

Alifunga mlango wa banda kwa kufuli mbele ya uso wake, akaondoka na kumwacha pale na chakula kinapoa.

Chumbani, mwenzake wa hosteli, ambaye kwa jinsi alivyokuwa na habari za kila mtu alijulikana kama Redio, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akatoa ushauri wake. Kwamba anyamaze. Nani ataona? Wenye mbegu wana mashamba yao ya majaribio, watagundua wenyewe, na yeye wakati huo ana shahada yake mkononi. Tena ndugu wa Ticha wameshapangiwa siku ya kwenda kujitambulisha kwao, aibu hiyo ataipeleka wapi.

"Mwenzangu, maji yakimwagika hayazoleki," alimalizia.

"Usinitajie maji."

Simu nayo haikutulia. Meseji ya Ticha: "Nimekosa. Niambie la kufanya, nitafanya." Alijibu moja tu: "Nilikwambia la kufanya mwaka mzima." Halafu akaizima sauti.

Pengine angenyamaza kweli. Tusimfanye malaika, alilala akipanga maneno ya kuwaambia wageni kuhusu viriba vilivyokufa, na mengine yalimkaa vizuri mdomoni. Lakini asubuhi ya Jumatano mama yake alipiga simu. Alikuwa amepata nafuu, ana maneno mengi. Akamwambia kwamba majirani wote wameshasikia binti yake amepata maharage yasiyoogopa jua.

"Unitumie kidogo, mwanangu, nipande msimu huu. Zile mbegu zetu za zamani nimeanza kuzipika, za nini tena?"

Binti Maharage alikaa kitandani.

"Mama, usizipike."

"Kwa nini?"

"Zihifadhi tu, mama. Nakuomba."

Alitoka hapo hata uso hajaosha, akaenda ofisini kwa Dokta akamweleza yote. Dokta alivua miwani. Alimuuliza kama anajua ni mara ngapi kampuni ile imekubali kufika kwenye chuo kidogo kama hiki. Alimuuliza pia ni msomi gani anayemkabidhi mchumba ufunguo wa utafiti, na hilo lilimuuma. Kisha Dokta akashusha sauti.

"Kesho utasema ni matokeo ya awali. Neno 'awali' limeshabeba mizigo mikubwa kuliko huu."

"Mama yangu hajui maana ya awali, Dokta. Yeye atapanda."

"Binti, usiniharibie."

"Shikamoo," alisema, ingawa alikuwa ameshamwamkia alipoingia, akatoka kabla hajasema neno ambalo lingemfukuzisha chuo.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wageni walikaa mbele, Dokta pembeni yao, Redio katikati asikose kitu. Ukutani iliangaziwa picha kubwa ya maharage mekundu yamesimama kati ya wenzao waliokufa. Binti Maharage hakufungua karatasi zake.

"Picha hii ni ya kweli," alisema. "Sababu niliyowapa si ya kweli. Safu hii ilikuwa inamwagiliwa maji nisipokuwepo. Nilipootesha mengine na kuyanyima maji, yalikufa yote. Msiyapeleke kwa wakulima."

Mgeni mmoja, mzee wa makamo mwenye kalamu sikioni, aliuliza bila ukali ni nani aliyemwagilia. Binti Maharage alikuwa ameapa hatatazama viti vya nyuma, lakini macho yalikwenda yenyewe. Ticha alikuwa kiti cha mwisho, karibu na mlango.

"Ufunguo ulikuwa wangu," alijibu. "Lawama ni yangu."

Kiti kilikwaruza sakafu.

"Ni mimi," Ticha alisema akiwa amesimama. "Yeye hakujua. Mimi nilipojua nilinyamaza, nikampigia makofi humu humu ndani."

Mtu akacheka, wengine wakamfuata. Dokta alikusanya vitu vyake akatoka bila kumtazama mtu.

Nje, Ticha alimfuata mbio mpaka kwenye ngazi.

"Angalau nimesema."

"Umesema baada ya mimi kusema. Huo ni mwangwi." Machozi yalimtoka, yakazidi kumkasirisha. "Mpigie shangazi yako umwambie wasije. Na usiseme kuna udhuru. Mwambie ulichofanya."

Ticha alimpigia pale pale, na shangazi mtu alimsomea kila alilolijua tangu utotoni, kisha akaanza kumpigia simu mama wa binti kila wiki kuomba radhi.

Mahafali yakapita bila Binti Maharage. Dokta, ambaye hakuwa mbaya ila alikuwa ameaibika, alimwita baada ya hasira kumshuka, akamwambia aanze upya, tangu mbegu. Redio alikwenda na habari zake mjini. Ticha alipata kazi shule ya jirani, na kila Jumamosi alikuja akasimama nje ya banda. Hakuletewa kiti. Jumamosi za mwanzo hakusemeshwa pia. Kisha siku moja swali likatoka ndani bila salamu:

"Ya kulia ni ya nini?"

"Ya... kuona yanayovumilia."

"Yanayovumilia nini, na kuanzia lini?"

Hapo alikwama, akarudishwa nyumbani. Jumamosi iliyofuata alijibu. Ikaja nyingine na swali lingine, hata akafika mahali akawa anauliza yeye, na anasubiri jibu liishe. Wakati mwingine Binti Maharage alikumbuka yale makofi katikati ya sentensi, akamfukuza upya. Hasira yake haikuwa na ratiba.

Kisha mama akaitwa tena hospitali kuangaliwa, na maharage yalikuwa ndiyo kwanza yametoa maua. Asubuhi ya safari Binti Maharage alimkuta Ticha mlangoni. Alimtazama kwa muda, akamwekea ufunguo kiganjani, akaondoka bila kumwachia maagizo yoyote.

Simu ililia siku ya sita, akiwa amekaa na mama yake kwenye benchi la korido wakisubiri kuitwa.

"Yananyauka," Ticha alisema.

"Najua."

"Yote ya kulia. Mekundu yamelala kabisa. Nimemaliza kushoto, maji yakabaki kidogo kwenye ndoo."

Binti Maharage alishika simu kwa mikono miwili.

"Ukayafanya nini?"

"Nimekwenda kuyamwaga nje, nyuma ya banda, nisije nikashindwa." Mlio wa ndoo ikiwekwa chini ulisikika. "Kwa hiyo hii ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya. Unasimama hapa, maji unayo, na unaacha. Mimi nilidhani unapanda maharage tu."

Binti Maharage alitaka kumkasirikia kwa kuchelewa kulijua hilo, akaitafuta hasira ile aliyoizoea, safari hii akaikosa.

"Nani huyo?" mama yake aliuliza. Miezi yote hiyo alikuwa anauliza hivyo, na miezi yote alikuwa anaambiwa ni mtu wa chuo.

"Mchumba wangu, mama. Ameyanyima maharage yangu maji."

"Na unatabasamu?"

"Natabasamu, mama."

Mama alimtazama, akaitazama simu, akashusha pumzi.

"Basi mwambie aje, na huyo shangazi yake. Nimemchoka kabla sijamwona."