Mnunuzi wa Bunduki ya Marehemu

"Nyigu, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Mnunuzi anaegesha gari mtaa wa pili. Land Cruiser nyeupe. Akiishika bunduki tu, sema 'chai imepoa', tunaingia. Kabla ya hapo hana kosa."

"Na mzee?"

Redio ilikwaruza.

"Mzee hajui kitu. Usimwambie."

Nyigu alikisukuma kifaa ndani ya sikio, akakifunika kwa mtandio. Bastola yake ya Glock ilikuwa kiunoni, chini ya koti. Akabisha hodi kwenye karakana ya cherehani kama mtu aliyepita kusalimia.

Mzee fundi aliinua uso. Alipomwona mkwewe, akakifuta kiti kwa kiganja, asije akachafua nguo.

"Karibu, mwanangu. Nilidhani umehama mji."

"Kazi, baba."

"Kazi haziishi. Watu ndio huisha."

Hakusema kwa ubaya. Mwanawe, mume wa Nyigu, alizikwa mwaka jana, na tangu msiba mjane huyo hakuwa amekanyaga hapo. Alishindwa kuukabili ule uso. Baba na mwana walifanana mno.

Bunduki ililala mezani juu ya kitambaa safi. Kuukuu, ya risasi moja, kitako kimeng'aa pale shavu la mumewe lilipozoea kulala. Ilikunjika katikati ikaenea kwenye begi la gitaa. Ndiyo sababu mnunuzi, muuaji wa kukodiwa, aliitaka. Wafanya magendo wa madini walikuwa wamemtuma amuue jaji wa kesi yao, na nani angemshuku mtu aliyenunua bunduki ya kuwindia kwa mzee mfiwa?

"Niuzie mimi, baba."

"Nimeshampa mtu neno langu. Bwana mmoja muungwana sana. Huja akakaa hapo ulipokaa, akaniuliza marehemu alipenda nini, alicheka vipi. Wengine nikianza kumtaja tu, wanakumbuka wana safari."

 

"Ngoja nikuletee chai," mzee akasema. "Umekonda hivyo, nani anakudai nyama?"

Alipoingia jikoni, Nyigu alinyakua bisibisi. Mumewe alimfundisha kuisafisha bunduki hiyo wakiwa wachumba, na vidole havikuwa vimesahau. Akachomoa kile kipini kinachogonga risasi, akakitia mfukoni.

Bila kipini, bunduki ni fimbo.

Mlango ukafunguka, mgeni akaingia na begi la gitaa begani.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba, marahaba!" Fundi alitoka jikoni na kikombe mkononi, uso wote umechanua. "Mwanangu, ndiye huyu niliyekwambia. Bwana, huyu ni mke wa marehemu."

"Pole sana, shemeji," mgeni akasema. Sauti yake ilikuwa laini, hata Nyigu angeiamini.

Akaichukua bunduki. Akaifungua, akauchungulia mtutu kwenye mwanga wa dirisha. Akatoa risasi mfukoni, akaitumbukiza kuona kama inakaa sawa.

"Chai imepoa, baba," Nyigu akasema.

Mzee alishangaa. "Imepoa? Si ndiyo kwanza naitoa motoni!"

Mgeni alikitazama kikombe.

Kilikuwa kinafuka moshi.

Bunduki ikafungwa. Mtutu ukageuka, ukatua kifuani kwa mzee.

"Waambie wenzako wabaki nje. La sivyo namlaza huyu."

"Bwana," mzee akasema taratibu, bado ameshika kikombe, "bunduki yenye risasi haielekezwi kwa mtu. Marehemu angekukemea."

Mlango ulipigwa teke kutoka nje.

Mgeni akafyatua.

Tik.

Nyigu alimrukia. Kiwiko kooni, goti mgongoni, Glock kisogoni. Kikombe kilianguka, kikavunjika. Vijana wa kikosi wakamfunga pingu mgeni, wakamtoa na begi lake la gitaa.

"Kazi safi, Nyigu," Mkuu alisema sikioni. "Jaji yuko salama. Toka."

Mzee alikuwa amechuchumaa, anaokota vigae vya kikombe kimoja kimoja.

"Alikuwa ananisikiliza," alisema. "Aliniuliza hata jina la mbwa wa utotoni wa marehemu."



Mzee aliitazama Glock, kisha akamtazama yeye.

"Na wewe, mwanangu? Ulikuja kunisalimia?"

Nyigu alikuwa amewadanganya mawaziri na walinzi wa mipaka bila kupepesa jicho. Hapa ulimi uligoma.

"Nilikuja kwa ajili ya bunduki, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole. Nje mvua ilikuwa imeanza. Akauchukua mwavuli wake nyuma ya mlango, akamshikisha mkononi.

"Usilowe."

"Nitaurudisha."

"Hata yule bwana alisema angerudi kunisalimia."

Nyigu alitoka. Akafungua mwavuli, akapita katikati ya magari ya kikosi kwa mwendo wake wa siku zote, uso mkavu.

"Yule dada ni chuma," kijana mmoja akasema.

Nyigu alisikia. Hakugeuka, wala hakuongeza mwendo. Alisubiri mpaka akakunja kona, ndipo akalia.