Karibu Mgeni, Nyumba Yako Hii

Kisahani kilikuwa kimeoshwa. Jana yake Bushiri alikisukuma uvunguni kimejaa dagaa waliochanganywa na sumu, na leo mkewe Badria anakivuta na ufagio, anakikuta kikavu, kinang'aa, kimefudikizwa vizuri kama chombo cha mtu aliyelelewa.

"Baba Zuhura, umekiosha wewe?"

"Mimi na vyombo wapi na wapi?"

Huyu Bushiri ndiye muuza sumu ya panya pale Kariakoo, mwenye kipaza sauti kinachofanya watu wa Mnazi Mmoja wazibe masikio: anakula hapa, anafia mbele, hanuki! Panya aliowaua ukiwapanga mstari wanafika Morogoro na kurudi. Lakini chumbani kwake mwenyewe, Mtaa wa Sikukuu, panya walikuwa wakubwa mpaka paka wakipishana nao koridoni wanawaamkia shikamoo, na panya hawaitikii.

Sasa, kila mtu anajua panya anasikia. Ukitega sumu humtaji jina, unasema mgeni, tena kwa kunong'ona. Siku ile ya kutega Badria alimkumbusha. Lakini Bushiri mdomo ndiyo kazi yake. Akapaza sauti, watu wa vyumba vyote sita wakasikia: "Mgeni, karibu! Kula, kunywa, lala. Nyumba yako hii!" Wapangaji wakacheka mpaka wengine wakatoka nje kukohoa.

Panya aliyekufa hakuonekana. Walio hai nao hawakuonekana tena. Darini kimya. Bushiri akatamba mtaa mzima.

Siku ya tatu umeme ukakatika saa saba mchana, joto la kuyeyusha ndala. Feni ikasimama. Upepo haukusimama. Walikuwa wamejilaza, mtoto katikati, na upepo unakuja kutoka miguuni, mdogo, wa baridi, unanuka udi na dagaa. Fuu. Unanyamaza. Fuu.

"Unasikia?" Badria alinong'ona.

"Panya huyo. Anauma, anapuliza."

"Panya gani ana pumzi ndefu hivyo?"

Bushiri akainua mguu. Kisigino kilikuwa kimeliwa, pande zima kama andazi, damu imelowesha godoro. Akakitazama kama cha jirani. Badria naye vidole viwili vya mguu vilikuwa vimefupishwa.

"Mbona siumwi?"

"Hata mimi siumwi."

Wakajilaza tena.

Ile ganzi ikapanda, ikatoka kisigino ikafika goti, ikatoka goti ikafika tumbo, ikaingia mpaka mle mtu anamokasirikia na kuhurumia, hata simu ilipopigwa kwamba kaka yake Badria kaangukiwa na mzigo kule Feri na amefariki, Badria akasema haya, akaendelea kuchambua mchele, na Bushiri akasema haya, na mchana kweupe, mlango wazi, watu wanapita na mizigo yao kichwani, upepo unatoka uvunguni, unapuliza, unanyamaza, unapuliza, na Zuhura wa miezi saba, ambaye kilio chake kilikuwa kinasimamisha magari Upanga, alikuwa na siku ya nne hajalia njaa wala mkojo, macho tu, dole gumba la mguu halipo.

Shangazi yake Badria, Bi Maimuna, fundi wa majini kutoka Mbagala, akaja kuuliza kwa nini mtu hafiki kwenye msiba wa kaka yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akamfinya mtoto paja. Akafinya kwa kucha. Mtoto anamtazama tu. "Huyu akiendelea kukaa humu, keshokutwa hata kunyonya atasahau. Bushiri, ulimwambia nini? Maneno yenyewe."

Bushiri akayasema.

"Nyumba yako hii? Mwanaume mzima!" Bi Maimuna akashusha sauti. "Basi mwenye nyumba yuko uvunguni. Wageni ni nyie."

"Si umtoe, shangazi? Wewe ulitoa majini arobaini kabla ya chai."

"Namtoaje mtu kwake? Pigeni magoti muage. Akisema jambo lolote, kimya."

Ubani ukawashwa. Bushiri wa kipaza sauti akapiga magoti, akanong'ona, "Mwenye nyumba, tunashukuru, tumekaa vizuri. Tunaomba ruhusa twende."

Uvunguni ikatoka sauti ya upole, sauti ya mtu aliyelelewa.

"Nendeni salama. Ngojeni niwasindikize kidogo."

"Haya," akasema Bushiri.

Mazoea tu. Kwa siku zote zile neno lake lilikuwa hilo hilo. Bi Maimuna akamziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Akambeba mtoto, akawatoa nje.

Walipovuka Mtaa wa Msimbazi Zuhura akalia. Alilia mpaka vioo vya maduka vikatetemeka, wapagazi wakatua mizigo. Badria akakaa chini palepale, ameshika vidole vyake, akamlilia kaka yake kwa jina, na Bi Maimuna akawa anasema Alhamdulillah, Alhamdulillah, lia mwanangu.

Bushiri alisimama pembeni na begi, anawatazama. Alijua hapo mtu anatakiwa kufurahi.

"We baba!" muuza mahindi akapiga ukelele. "Mguu! Umekanyaga jiko langu, unaungua!"

Bushiri akainama kutazama. Moshi ulikuwa unapanda kati ya vidole vyake, harufu ya nyama imeshakolea. Na nyuma ya kisigino, pale palipoliwa, kibaridi kidogo.

Fuu.

"Haya," akasema.