Mbuzi wa Kwa Vonza

— Weka hiyo sutikesi chini, Muthoki. Nitakubebea.

Muthoki alikuwa katikati ya ngazi, sutikesi mkono wa kulia, katoni ya ndengu iliyofungwa kwa kamba mkono wa kushoto, na mkoba wenye pasipoti begani. Hoteli hiyo ya Kitui mjini ilikuwa safi na chai yao tamu, ila lifti hawakuwa nayo. Akachungulia chini, akamwona Kimeu wa Kathonzweni amesimama mbele ya mapokezi, shati limepigwa pasi, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha.

— Nani alikuambia niko hapa?

— Kanyiva.

— Huyo dada yangu nitaongea na yeye.

— Utarudi lini?

— Contract ni two years. Doha. Kwani hiyo hakukuambia?

Muthoki akashuka ngazi moja, sutikesi ikamgonga kisigino, akauma meno ili asipige kelele mbele ya mwanamume huyo.

Alilala hotelini kwa sababu kwao ni Migwani, na kutoka Migwani na mizigo yote ile uwahi gari la asubuhi la Nairobi ni kujitafutia balaa. Mama yake hakumsindikiza. Tangu ile Jumamosi, mama alikuwa haendi popote, hata kanisani.

Ile Jumamosi watu wa Kathonzweni walitarajiwa Migwani na mbuzi wa ntheo, wale ambao wakishachinjwa na kuliwa na pande zote mbili, basi msichana ni mke wa mtu, na harusi ya kanisani itafuata ikipenda. Mama alipika. Akina mama wa kanisa wakaja na vitenge vipya, viti vikaazimwa. Jua likazama, hakuna mgeni wala mbuzi, na simu ya Kimeu imezimwa. Kesho yake jirani mmoja anayeuza maembe Kwa Vonza akaja mbio na habari: Kimeu alionekana huko, siku hiyohiyo, akiingiza mbuzi watatu kwenye boma la watu wengine wenye binti.

— Rudi kwa mke wako Kwa Vonza, Muthoki alisema walipofika mlangoni.

— Sina mke Kwa Vonza.

— Ulionekana, Kimeu. Umeshika kamba ya mbuzi watatu. Ulikuwa unawapeleka shule?

— Kamba nilishika. Hiyo sikatai.

— Sasa unataka nini hapa?

— Nikusindikize mpaka airport. Ukishafika huko, ukitaka nisikuongeleshe tena, sawa.

Muthoki akatoka nje. Hatua chache tu kuelekea steji, gurudumu moja la sutikesi likang'oka, likabingirika mpaka mbele ya muuza magazeti. Akasimama. Akaangalia kilima kilichobaki, akaangalia katoni, halafu akamwangalia Kimeu.

— Beba. Lakini ni mzigo unabeba. Usidhani ni kitu ingine.

Kimeu akajitwika sutikesi begani. Steji, kondakta akawapokea kwa macho yaliyozoea kupima mizigo.

— Hii yote ni yako, madam?

— Ni yangu. Mnanishusha hapo njia ya kuingia airport.

— Na huyu?

— Huyu ni wa mizigo.

Kondakta akacheka, akafungua buti. Wakapata viti vya nyuma, na kwa bahati kiti cha katikati kilikaa kitupu. Muthoki akakiwekea mkoba wake.

Gari likaacha mji. Kimeu akangoja kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini:

— Tukifika Kwa Vonza watasimama kuchukua abiria. Kuna mtu nataka uongee na yeye.

— Unataka nimwone kwa macho?

— Eeh. Umwone.

Muthoki akageukia dirishani. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, na hilo lilimuudhi kuliko kitu kingine chochote. Kama kweli hakumtaka tena mtu huyu, moyo ulikuwa na haraka gani?

Kwa Vonza gari liliposimama, mwanamke mnene mwenye aproni iliyojaa vumbi la mahindi akatoka kwenye duka la nafaka, akaja moja kwa moja mpaka dirishani.

— Wewe ndio Muthoki?

— Ndio mimi.

— Mimi naitwa Mbula. Hao mbuzi walikuja kwetu. Ntheo ilikuwa yangu.

— Nilijua, Muthoki alisema.

— Hujajua bado, mdogo wangu. Bwana yangu ni Pastor Mutisya. Kaka mkubwa ya huyu.

Muthoki alimfahamu Pastor Mutisya. Nani hakumfahamu? Yule mhubiri aliyekuwa akizunguka Kitui na Makueni akikemea ntheo kwamba ni mambo ya giza, cheti cha kanisa kinatosha.

— Lakini nyinyi mlifanya harusi kanisani.

— Tulifanya, na keki tukakata. Mbuzi hakuleta, na baba yangu akanyamaza. Sasa Kimeu alipotaka kupeleka zako, wazee wao wakakataa kutoka. Wakasema mdogo hawezi kupita mkubwa. Kama ya Mutisya haijaenda, ya Kimeu haiendi.

— Halafu?

— Halafu Pastor akachukua zako akaleta kwetu. Na vile aliogopa washirika wamwone na mbuzi, akakaa ndani ya gari, kioo amefunga. Huyu ndiye akashika kamba.

Kondakta akapiga bodi ya gari.

— Mathe, tunaenda.

— Kimeu aliapishwa asiseme, Mbula alimaliza, akirudi nyuma. Mimi sikuapa.

Gari likaondoka. Kimeu alifikiri mambo yameisha, maskini, akatabasamu.

— Unacheka nini?

— Sicheki.

— Ulinyamaza ndio jina la Pastor lisiharibike.

— Alinishikisha Biblia, Muthoki. Nikazima simu kwa sababu ungeniuliza ningesema.

— Na jina langu? Mama yangu haendi tena hata kanisani kwa midomo ya watu. Wanasema msichana wake aliachwa mbuzi wakiwa njiani. Wewe ulijua ukweli, ukaenda kulala.

— Sikulala.

— Mimi ndio nilitafuta agent, nikaamua niende mbali na hiyo aibu. Ungenipigia simu moja tu.

— Nilikosa. Sina neno lingine. Nilikosa.

Kujua ukweli ni kitu kimoja na kusamehe ni kingine, na Muthoki hakuwa na haraka ya kuvichanganya. Lakini walipopita Machakos aliuondoa mkoba kwenye kile kiti cha katikati, akisema miguu yake imebanwa. Miguu haikuwa imebanwa.

Barabara ya Mombasa waliteremka, wakangoja basi linaloingia uwanjani, Kimeu akiwa na sutikesi begani kwa sababu hakuna mahali pasafi pa kuiweka. Walipofika mbele ya jengo la abiria, simu ya Muthoki ikalia. Baba.

— Muthoki, umepanda ndege?

— Bado, Baba. Ndio naingia.

— Simama kwanza. Kuna wageni hapa kutoka Kathonzweni. Wako na mbuzi watatu. Hatuwezi kuchinja bila wewe kusema. Tule, ama warudi nao?

Muthoki akaziba simu kwa kiganja.

— Ni leo?

— Walitoka alfajiri, Kimeu alisema. Nilikataa uende hivi hivi.

— Na nikisema hapana?

— Watarudi nao. Na mimi nitakuwa nimekubebea sutikesi.

Muthoki akairudisha simu sikioni.

— Baba, Pastor Mutisya amekuja?

— Yuko. Amekaa mbele.

— Weka simu loudspeaker. Mama aitwe, na hao majirani wakaribie.

Askari wa mlangoni akamwashiria asogeze mizigo. Kimeu akaisogeza.

— Pastor, mimi ni Muthoki. Kabla sijajibu, nauliza tu. Mbuzi wa kwanza walienda wapi?

Mbuzi mmoja akalia huko Migwani.

— Dada, hayo tunaweza kuongea sisi wenyewe, Pastor alisema.

— Mama yangu aliongelewa mbele ya watu, Pastor. Na wewe ongea mbele ya watu.

Pastor akakohoa. Alipoanza, sauti yake haikuwa ile ya mimbarini.

— Wazazi, mimi ndiye niliwachukua. Nilihubiri ntheo ni giza, halafu wazee wetu wakanikalia ngumu. Nikapeleka mbuzi wa ndugu yangu kwa wakwe zangu Kwa Vonza, nikamshikisha kamba ndio nisionekane. Huyu msichana hakuachwa na mtu. Nisameheni.

— Hakuachwa? Ilikuwa sauti ya mama.

— Hakuachwa, mama.

Simu ikakwaruza. Mama alikuwa ameichukua mikononi.

— Muthoki, umesikia?

— Nimesikia, Mama.

— Basi sema vile moyo wako unataka. Usiangalie wageni, usiniangalie mimi. Mimi nimeshapona.

Muthoki akamtazama Kimeu. Bega la shati lilikuwa limechafuka kwa vumbi la sutikesi, pasi yote imekwisha. Alimpenda. Alikuwa amempenda hata zile wiki za kumlaani.

— Ni two years, Kimeu.

— Nitangoja.

— Na ukiapishwa tena kitu kinanihusu?

— Nitakuambia kabla sijagusa hiyo Biblia.

Akageuza uso ili asimwonyeshe kicheko. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

— Mama, mwambie Baba achinje. Kuleni.

Vigelegele vilitoka kwenye simu mpaka yule askari akageuka. Kimeu akafunika uso kwa mikono yake miwili, akabaki hivyo. Asiyesafiri haingii, kwa hiyo Muthoki alimshika mkono, akaufinya sana, halafu akapakia mizigo kwenye kigari na kuingia.

Baada ya ukaguzi alitoa simu. Aliandika, "Kimeu, nimepita salama." Akaisoma. Akafuta neno la kwanza, akaandika upya:

"Mume wangu, nimepita salama. Enda utafute chakula, tangu asubuhi hujala."